Jembe la Mgeni: Mwanafunzi Mkenya na Kanisa la Ughaibuni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huutumia usemi huu kumsuta mgeni mvivu asiyejua kuaga. Maana hiyo ni sahihi ila haijakamilika. Ukitazamwa vyema, usemi huu unamwagiza mwenyeji kwanza: yeye ndiye anayetakiwa kumpa mgeni jembe. Mwenyeji amkalishaye mgeni kitini mwezi mzima, akimnywesha chai na kumpigia soga bila kumwonyesha shamba, huenda akasifiwa kwa ukarimu, kumbe amemnyima mgeni wake heshima ya kuwa mtu wa nyumba ile. Aliyeshika jembe huulizwa rai mvua inapochelewa, na hukumbukwa siku ya mavuno. Mgeni wa kiti husahauliwa punde tu afungapo mzigo wake.

Usemi huu wafaa kuwa mizani ya kupimia maisha ya mwanafunzi Mkenya asomaye ng'ambo, na hasa Ujerumani. Nchi hiyo imekuwa kivutio kwa vijana wengi wa Kenya, na mvuto huo uliongezeka baada ya serikali za nchi hizi mbili kutia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin mnamo Septemba 2024. Kila penye mazungumzo kuhusu safari hizo, utasikia habari za viza, karo na vibarua. Ni nadra kumsikia mzazi, mhadhiri au mwanafunzi mwenyewe akiuliza: Je, kijana huyu atakula na nani siku ya Jumapili? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni zito kama yale mengine, na kwamba wengi hupata jibu lake kanisani. Hata hivyo, hawalipati kwa kukaa kitini. Hulipata pale wanapopewa kazi ya kufanya.

Jumapili ya kimya

Kabla ya kupanda ndege, mwanafunzi hupimwa kwa vipimo vingi. Hutakiwa kuthibitisha kwamba anazo fedha za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni yuro 11,904 kwa mwaka, na kwa kawaida huwekwa katika akaunti maalumu ambayo mwenyewe huruhusiwa kuchota yuro 992 tu kila mwezi. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg, lenye miji ya Stuttgart, Tübingen na Heidelberg, lilianza mwaka wa 2017 kuwatoza wanafunzi watokao nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Aidha, sheria iliyoanza kutumika Machi 2024 inamruhusu kufanya kazi kwa siku 140 kamili kwa mwaka. Fedha zimehesabiwa, siku zimehesabiwa. Jambo ambalo halikuhesabiwa ni upweke.

Muhula wa majira ya baridi huanza Oktoba. Kufikia Desemba, jua huchomoza saa mbili asubuhi zikiwa zimepita na kutua saa kumi na nusu jioni. Siku ya Jumapili maduka hufungwa kwa mujibu wa sheria, na mitaa hutulia kana kwamba mji mzima umehama. Mlango wa jirani katika bweni hufunguliwa na kufungwa pole pole. Hakuna abishaye hodi. Mwanafunzi aliyelelewa katika salamu ndefu, salamu za kuulizia watu wa nyumbani, mifugo na mvua, huanza kujiuliza kosa lake ni lipi.

Ukweli ni kwamba hana kosa, wala jirani hana chuki. Adabu ya Mjerumani ni kutomsumbua mwenzake. Lugha yenyewe imeiweka adabu hiyo katika sarufi, kwa kuwa ina neno moja la kumwita mtu wa karibu, yaani "du", na jingine la kumwita mtu wa mbali, yaani "Sie". Watu wazima wanaweza kufanya kazi pamoja kwa miaka mingi wakiitana kwa neno la mbali bila yeyote kuona kwamba amedharauliwa. Mgeni asiyeijua desturi hii huitafsiri heshima kuwa ubaridi. Naye hujikunyata. Hupiga picha ya theluji na kuituma nyumbani, jamaa humsifu na kumwonea fahari, asiwaambie kwamba tangu Ijumaa jioni hajafungua kinywa ila kwa simu.

Katika hali hiyo, kengele ya kanisa huwa sauti ya kwanza inayomwita mtu yeyote bila kumchagua. Huenda, pengine si kwa sababu ya ucha Mungu mwingi, ila kwa sababu anajua namna ya kuingia kanisani. Anajua pa kuketi na wakati wa kusimama. Hata asipoelewa mahubiri, huitambua Sala ya Bwana kwa mapigo yake.

Huko ndani hukuta jambo asilolitarajia. Aliyezoea makanisa ya Kenya, ambako wachelewao husikiliza ibada wakiwa nje dirishani, huona ukumbi mkubwa wenye wazee wachache waliotawanyika. Mwaka wa 2023 pekee, Wakatoliki zaidi ya 400,000 walijiondoa rasmi katika kanisa lao nchini humo. Ujio wa kijana mmoja wa miaka ishirini na mitatu basi hauwezi kukosa kuonekana. Ibada ikiisha, kikombe cha kahawa humfikia, na bibi wa miaka themanini humwuliza jina lake, kisha humwomba alirudie polepole ili alitamke sawasawa. Hii ndiyo siku ya kwanza ya ugeni, na ni siku njema.

Hali kadhalika, katika miji ya vyuo vikuu kuna jumuiya za wanafunzi za Kiprotestanti na za Kikatoliki. Huwa na chakula cha jioni cha pamoja, kwaya na safari, na wapo wachungaji ambao kazi yao ni kuwasikiliza wanafunzi. Jumuiya hizo huwasaidia kwa dharura wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini waliokwama kifedha. Mwanafunzi Mwislamu kutoka Lamu au Garissa naye hupata faraja ya aina hiyo msikitini, hasa penye futari ya pamoja mwezi wa Ramadhani. Makao hayo ya kwanza hayana budi kushukuriwa. Tatizo huanza pale siku ya pili isipokwisha.

Kutoka kupokea hadi kutoa

Tangu mwaka wa 1995, kanisa la Leonhardskirche katikati ya mji wa Stuttgart hugeuzwa kuwa ukumbi wa maakuli kwa majuma kadhaa ya majira ya baridi. Wasio na makazi, wazee wa pensheni ndogo, walevi, wafanyakazi wa ofisi na wapita njia huketi meza moja na kula chakula cha moto kwa bei ya chini mno. Wahudumu wengi ni watu waliojitolea. Desturi hiyo, ijulikanayo kama Vesperkirche, imeenea katika miji mingi ya kusini mwa Ujerumani.

Mchukulie mwanafunzi Mkenya aliyejiandikisha kuhudumu mahali kama hapo. Amevaa aproni, amebeba sinia, anamwekea supu mzee wa Kijerumani mwenye mikono inayotetemeka. Jambo linalotendeka hapo ni kubwa kuliko supu. Kijana huyo amekulia katika nchi ambamo picha ya hisani ilikuwa na sura moja: mgeni mweupe anatoa, mtoto mweusi anapokea, na mpiga picha yuko karibu. Huenda shule yake ya msingi ilikuwa na kibao chenye majina ya wafadhili wa ng'ambo. Huenda hata nauli yake ilichangwa. Sasa yeye ndiye anayetoa, na apokeaye ni mwenye nchi. Hapana mhadhara wa chuo kikuu uwezao kumfunza kwa wepesi kiasi hicho kwamba umaskini hauna rangi, na kwamba yeye hakuzaliwa ili awe mpokeaji.

Faida ya pili ni lugha. Darasani mwanafunzi hujifunza Kijerumani cha vitabu, na wengi wasomao shahada ya uzamili hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo huweza kuhitimu bila kumudu kuagiza mkate kwa ufasaha. Jikoni mwa kanisa hapana njia ya mkato. Lazima ajue jina la mwiko, la ufagio na la sufuria. Lazima aelewe amri inayotolewa kwa haraka, aelewe mzaha, na ajue wakati mzaha umepita mpaka. Hapo ndipo bibi wa jikoni, baada ya wiki kadhaa za kumenya viazi pamoja, humwambia kwamba waitane "du". Neno hilo fupi halipatikani kwa kuhudhuria tu. Hupatikana kwa kumenya viazi.

Wapenzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 huko Derendingen, kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Tübingen. Alifika Mombasa mwaka wa 1844 akiwa mgeni asiyejua lugha ya wenyeji, na mwaka huo huo akampoteza mkewe na binti yao mchanga. Wenyeji wa Pwani ndio waliomfunza Kiswahili. Maelezo yake ya sarufi ya lugha hii yalichapishwa mwaka wa 1850, na yalichapishwa Tübingen. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake kuhusu umisionari na yaliyofuatana nao. Lakini jambo moja halina ubishi: kabla Krapf hajaipa Mombasa chochote, Mombasa ilimpa maneno. Mwanafunzi Mkenya anayesahihishwa matamshi na bibi wa jikoni mjini Tübingen analipwa deni la zamani sana.

Yupo pia Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka wa 1960 alikwenda Marekani kusomea biolojia katika chuo cha wanawake kilichoendeshwa na watawa wa Kibenediktini mjini Atchison, jimbo la Kansas. Baadaye alifanya utafiti Giessen na Munich, Ujerumani, kabla ya kutunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971. Katika tawasifu yake ya mwaka wa 2006 anawakumbuka watawa hao kwa shukrani. Dunia inamkumbuka kwa miti. Ikumbukwe pia kwamba aliyekuja kuwapa wanawake wa Kenya jembe na mche aliwahi kuwa mgeni katika nyumba ya watu wengine.

Ngoma na jembe

Pamoja na hayo yote, si kila kazi anayopewa mgeni ni jembe. Yako makanisa ya ughaibuni ambayo humpokea Mwafrika kwa mikono miwili, kisha yakampa kazi moja tu: kuwa Mwafrika. Huitwa siku ya jioni ya Afrika ili apige ngoma, hata kama kwao Nakuru hakuwahi kuigusa. Huombwa avae kitenge, apike chapati, na aeleze hali ya njaa katika nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga. Picha yake hubandikwa ubaoni mlangoni. Jioni hiyo ikiisha, hupongezwa sana, hupewa mkono, na hasikii lolote tena mpaka mwaka ujao.

Hayo hufanywa kwa nia njema, na nia njema hiyo ndiyo inayofanya iwe vigumu kulalamika. Hata hivyo, ukweli usemwe: huko ni kumrudisha mgeni kitini na kukipamba kiti. Kipimo cha jembe la kweli ni rahisi. Je, amekabidhiwa ufunguo wa jikoni? Je, asipofika, kazi huharibika? Je, anapotoa shauri mkutanoni, huandikwa katika kumbukumbu? Katika Kanisa la Kiprotestanti la Württemberg, mshiriki wa miaka 14 huruhusiwa kupiga kura kuchagua baraza la wazee. Ikiwa kijana wa miaka 14 ana kauli, haiwi haki kwa mwanafunzi wa uzamili kubaki mpiga ngoma.

Mwanafunzi naye ana wajibu. Asingoje kuombwa ngoma. Na ajitolee kwa yale anayoyaweza hasa: kurekebisha tarakilishi za ofisi, kuwafunza watoto hisabati, kuwatembelea wazee, kupanga vyakula vya msaada. Na akiombwa ngoma asiyoijua, aseme kwa upole kwamba haijui, kisha aulize pipa la taka liko wapi. Atakayemwonyesha pipa hilo ndiye atakayekuwa rafiki yake.

Mzigo wa ndugu

Upande mwingine wa jambo hili uko kwa Wakenya wenyewe. Katika miji mikubwa ya Ujerumani hupatikana vikundi vya sala vya Wakenya na vya Waafrika wa Mashariki, ambako nyimbo huimbwa kwa Kiswahili na ugali husongwa baada ya ibada. Mwenye kuvibeza vikundi hivi hajawahi kufiwa ugenini. Mkenya anapofariki huko, vikundi hivyo ndivyo huchanga fedha za kuusafirisha mwili, hukesha na wafiwa, na huwapigia simu walio nyumbani. Undugu huo ni hazina.

Ila hazina hiyo ina gharama zake, na ni wachache wanaothubutu kuzitaja. Mosi, mwanafunzi anaweza kuishi Ujerumani miaka minne akiwa bado yuko Kenya, tena katika pembe ya Kenya wanayotoka watu wa kabila lake tu. Pili, vikundi vingine huongozwa na watu wasiojua kusema basi. Kijana mwenye bidii hutwikwa vyombo vya muziki Ijumaa, mazoezi ya kwaya Jumamosi, usafiri wa wazee Jumapili asubuhi na usafi wa ukumbi Jumapili jioni. Akiomba kupumzika ili ajiandae kwa mtihani, huambiwa kwamba aliyeshika jembe la Bwana hatazami nyuma.

Kauli kama hizo ni za hatari. Katika vyuo vingi vya Ujerumani, mwanafunzi huruhusiwa kurudia mtihani mara chache tu, na akishindwa mara ya mwisho, hupoteza haki ya kuendelea na kozi ile. Kibali chake cha kuishi nchini kimefungamana na masomo hayo. Anayempokonya wikendi zote kwa jina la huduma anaweza kuwa anampokonya shahada, kibali na matumaini ya ukoo mzima uliouza ng'ombe ili asafiri. Huduma ya aina hiyo haistahili kuitwa sadaka, kwani sadaka hutolewa na mwenyewe kwa hiari yake.

Kwa sababu hiyo, wapo wanaosema kwamba aliyekwenda kusoma asome, na mambo ya kanisa ayaache mpaka arudi. Wana hoja, lakini wamepima upande mmoja tu wa mizani. Kijana aliyejifungia chumbani miezi mitano ya baridi hasomi kwa sababu amejifungia. Huutazama ukurasa ule ule, hulala mchana, huacha kupokea simu za mama yake, na mhadhiri hutambua kutokuwepo kwake wakati muhula umekwisha. Saa tatu kwa wiki za kumenya viazi na watu wanaomjua kwa jina humrudisha vitabuni akiwa mtu mzima. Jambo la busara basi ni kiasi: jembe moja, shamba moja, na siku inayojulikana. Mtaka yote hukosa yote.

Hitimisho

Yamkini mengi yatabadilika katika safari za masomo: viwango vya fedha, masharti ya viza, hata nchi zinazopendwa. Haja ya mgeni kuwa na mahali ambapo kutokuwepo kwake kunaonekana haitabadilika. Wazazi wanaomsindikiza mwana wao uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na wamwulize, baada ya mwezi mmoja, si alama alizopata tu, bali ni nani aliyemtembelea alipougua. Vyuo vikuu vinavyowaandaa wanafunzi wa kubadilishana viwafunze adabu za wenyeji pamoja na matumizi ya maktaba. Nayo makanisa ya ng'ambo yajue kwamba kijana aliyeketi nyuma hakuja kuongeza rangi katika picha. Amekuja na mikono miwili.

Hata hivyo, itakuwa unafiki kuwadai Wajerumani lile ambalo Wakenya wenyewe hawalitendi. Katika vyuo vikuu vya Kenya wamo wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hupita mabwenini, hununua chakula katika vibanda vile vile, na huketi viti vya nyuma katika ibada za Jumapili. Kiongozi wa ibada huwaomba wageni wasimame, wakapigiwa makofi, wakaimbiwa wimbo wa karibu, na wakaketi. Jumapili ifuatayo hakuna ajuaye majina yao. Msichana kutoka Juba aliyesimamishwa kwa makofi mwezi wa Septemba anaweza kumaliza mwaka akila peke yake chumbani, hatua chache kutoka kwa kwaya inayolalamika kwamba haina sauti ya tatu.

Makofi ni ya siku mbili. Siku ya tatu imekwisha kufika, na jembe liko nyuma ya mlango.